Kibarua Hana Cheki Namba: Nani Aipime Kazi Yake?

Mtumishi wa umma aliyeko Kibondo mkoani Kigoma, awe mtendaji wa kijiji katika kata ya mpakani ya Mabamba au mhasibu aliyekaa makao makuu ya halmashauri, siku hizi hupimwa kwa mtandao. Huingia kwenye mfumo kwa cheki namba yake, yaani namba ya mtumishi kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, huandika majukumu ya mwaka na kazi ndogondogo zilizomo, msimamizi huyapitia na kuyakubali, kisha utekelezaji hujazwa hatua kwa hatua hadi mwaka wa fedha unapofungwa mwezi Juni. Mfumo huo unaoitwa PEPMIS ulianza kutumika mwaka wa fedha 2023/24 ukichukua nafasi ya OPRAS, mfumo wa fomu uliotangulia, na nia yake ni njema: mtu apimwe kwa alichofanya, isiwe kwa anavyopendwa. Lakini ukitoka ofisini ukaenda pale mwananchi anapohudumiwa, utakuta kazi nyingi ziko mikononi mwa watu ambao mfumo hauwajui. Anayekata ushuru wa mazao getini, mwalimu wa kujitolea aliyeshika darasa la kwanza, mlinzi na mfanya usafi wa zahanati, kijana anayeingiza takwimu za wagonjwa: wote hawa hawana cheki namba, na asiye na cheki namba hana pa kuandikwa. Hoja ya makala haya ni kwamba kupima utendaji na kuajiri kwa muda ni jambo moja, na halmashauri zetu zitaendelea kupata alama nzuri na huduma mbovu mpaka zikubali kuyashughulikia kwa pamoja.

Tuanze na upimaji wenyewe. Kabla ya mwaka 2004 mkuu wa kazi aliandika taarifa ya siri kuhusu aliye chini yake, na aliyeandikwa hakuiona. OPRAS ilikuja kuondoa siri hiyo. Fomu yake, TFN 832, ilimtaka mtumishi na msimamizi wakae mezani mwezi Julai wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka kuyapitia, na mwisho wa mwaka kila mmoja atoe alama kuanzia 1, ambayo ni kazi bora sana, hadi 5, ambayo ni kazi mbovu kabisa. Kwenye karatasi ilikuwa hatua kubwa. Kwenye ofisi nyingi ikageuka fomu ya kujazwa haraka pale mtu alipotaka kupandishwa daraja, malengo yakanakiliwa ya mwaka uliopita, na alama zikawa za kusaidiana. Sababu iliyotajwa mara nyingi ni uvivu wa wasimamizi. Ipo sababu nyingine isiyosemwa sana: malengo yaliandikwa kana kwamba ikama, yaani idadi ya watumishi waliopangwa kwa kituo, imejaa. Mganga mfawidhi wa zahanati aliahidi huduma za watumishi wanne akiwa na wawili, na pengo lililobaki lilizibwa na watu ambao hawakutajwa popote kwenye fomu. Ukimpima mganga huyo bila kuwataja hao, unapima kazi ya watu wanne na kuibandika kwa mmoja, iwe kwa sifa au kwa lawama.

Pengo hilo lina historia, na halikuletwa na halmashauri. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali, ikiwa kwenye masharti ya kupunguza matumizi, ilisimamisha ajira kwa kada nyingi na kuwapunguza watumishi kwa makumi ya maelfu. Zahanati na shule za vijijini ndizo zilizoumia zaidi, kwa kuwa anayestaafu au kuhama hakuwa na wa kumrithi. Mwaka 2016 ajira mpya na upandishaji vyeo vilisimamishwa tena ili kuwasaka watumishi hewa. Aprili 2017 uhakiki wa vyeti ukawabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Wakaondolewa pia watumishi wa elimu ya darasa la saba, wengi wao wakiwa watendaji wa vijiji, madereva na wahudumu, mpaka Aprili 2018 Serikali ilipoagiza walioajiriwa kabla ya tarehe 20 Mei 2004 warudishwe. Usafi ule ulihitajika na hakuna mwenye akili atakayedai wenye vyeti feki wangeachwa. Ila siku mtendaji alipoondoka, kijiji hakikufungwa. Barua ziliendelea kuandikwa, migogoro ya mashamba iliendelea kusikilizwa, na aliyezifanya kazi hizo alikuwa mtu aliyekaimishwa au kijana aliyeombwa asaidie kwa posho. Hivyo ajira ya muda ikaingia serikalini kwa mlango wa nyuma, na mpaka leo haijaoneshwa mlango wa mbele.

Nyanda za juu za Kigoma zina hesabu yao ya ziada. Wilaya za Kibondo na Kasulu zimepokea wakimbizi kwa mawimbi. Waliingia Warundi baada ya mauaji ya Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993. Mwaka 1996 Wakongo wakafunguliwa kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu. Wimbi la mwaka 2015 lilipitisha maelfu ya Warundi katika vituo vya mpakani, Mabamba ikiwemo, na Oktoba mwaka huo kambi ya Nduta ikafunguliwa upya. Kila wimbi lilikuja na ajira za mikataba: madereva, wauguzi, walimu, makarani wa kuandikisha, wagawaji wa chakula. Waliotafiti mikoa ya Kagera na Kigoma katika miaka ya 1990 wameeleza jinsi walimu, waganga na maofisa wa wilaya walivyoacha vituo vya Serikali kwenda kwenye mashirika, ambako malipo yalikuwa mara kadhaa ya mshahara wao. Wimbi lilipopungua, mikataba ikaisha. Kambi ya Mtendeli iliyoko Kakonko ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2021, miaka isiyozidi sita tangu ifunguliwe tena. Mashirika yaliondoka na mafaili yao, taratibu zao na namna yao ya kusimamia watu. Kilichobaki wilayani ni vijana wenye uzoefu wa miaka kadhaa ambao hakuna ofisi ya umma iliyowahi kuuandika.

Jambo hilohilo lilitokea kwa sura nyingine Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje. Kwa miaka mingi kliniki za matibabu ya VVU katika vituo vya afya nchini zilikuwa zikisaidiwa na waingiza takwimu na washauri wa ngazi ya jamii waliolipwa na miradi ya misaada hiyo. Walifanya kazi ndani ya majengo ya Serikali, kwa madaftari ya Serikali, wakihudumia wagonjwa wa Serikali, lakini hawakuwa kwenye ikama ya Serikali. Amri ilipotoka, kazi yao ikawaangukia waliobaki ndani ya siku chache tu, bila makabidhiano. Aliyejifunza kutokana na hilo hatasema tatizo ni wafadhili peke yao. Mfadhili ana haki ya kuondoka. Mwenye kituo ndiye aliyetakiwa kujua, muda wote, ni kazi ipi inafanywa na mtu wa mkataba, mkataba unaisha lini, na nani ataipokea kazi hiyo siku ya mwisho.

Kwa ushahidi wa karibu zaidi, tazama geti la ushuru. Halmashauri inayopakana na Burundi huishi kwa mazao: mahindi, maharage, mihogo, ndizi. Mkusanya ushuru hukaa kwenye kibanda kando ya barabara akiwa na mashine ya POS. Gari likisimama anahesabu magunia, anaingiza kiasi, mashine inatoa risiti, fedha inabaki mkononi mwake mpaka aipeleke benki. Katika halmashauri nyingi mkusanyaji huyo ni mtu wa muda, analipwa posho au asilimia ya alichokusanya. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimerudia, mwaka baada ya mwaka, hoja zilezile: fedha zilizokusanywa kwa POS bila kupelekwa benki, na mashine zilizokaa nje ya mtandao muda mrefu bila maelezo. Ripoti zikisomwa, hasira zote humshukia mkusanyaji, akatwe, afukuzwe, ashitakiwe. Mara chache huulizwa ni mtumishi gani wa kudumu aliyekuwa na jukumu la kuona, kila jioni, kwamba mashine namba fulani imezimwa kwa siku tatu. Swali hilo likiulizwa, jibu huwa ni kwamba jukumu hilo halikuandikwa kwa mtu yeyote. Fedha ya umma inakaa mikononi mwa asiyepimwa, chini ya uangalizi wa anayepimwa kwa mambo mengine.

Pamoja na hayo, haitakuwa haki kudai kwamba Serikali haiwezi kuajiri kwa muda ikafanikiwa. Imefanikiwa mara nyingi, na Kigoma ni shahidi. Kwa Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti 2022 makarani na wasimamizi zaidi ya 200,000 walipatikana nchi nzima: waliomba kwa mtandao, wakasailiwa, wakafundishwa, wakapewa kishikwambi na eneo lenye mipaka inayojulikana, na kila mmoja alikuwa na msimamizi aliyeona kaya zilizohesabiwa na zilizobaki. Julai 20, 2024 uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ulizinduliwa mkoani Kigoma, na waandishi wasaidizi na waendesha vifaa vya bayometriki walifanya kazi kwa siku saba, wakakabidhi vifaa, wakaondoka. Katika kazi zote mbili mtu wa muda alijua mambo matano: anafanya nini, wapi, kwa siku ngapi, kwa malipo gani, na anaripoti kwa nani. Mambo hayo matano ndiyo yanayokosekana kwa mfanya usafi wa zahanati ambaye amekuwa "wa muda" kwa miaka saba.

Utafiti unaunga mkono hoja hii kutoka upande ambao wengi hawautarajii. Nchini Kenya wachumi Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur walilinganisha walimu wa mkataba waliopangiwa shule mbalimbali, baadhi wakisimamiwa na shirika la World Vision na wengine na Serikali yenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba pale shirika liliposimamia, wanafunzi walipanda alama. Pale Serikali iliposimamia, hapakuwa na mabadiliko yoyote. Mpango ulikuwa mmoja na aina ya ajira ni moja. Miongoni mwa tofauti zilizoonekana ni ufuatiliaji na malipo: upande wa Serikali mishahara ilichelewa zaidi na wakaguzi walifika mara chache zaidi. Hapa kwetu, mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza ulipofika Kigoma ulikuta watoto wengi wakianza shule wakizungumza Kiha, lugha ya wenyeji, na Kiswahili wakikisikia kwa mbali. Uliandaa programu ya utayari wa kuanza shule, iliyofundishwa na walimu wasaidizi wa jamii waliochaguliwa na vijiji vyao, wakapewa mafunzo, vitabu vya hadithi, mtaala wa wiki chache na shule ya msingi jirani ya kuwalea. Hawakuwa walimu wenye vyeti vya ualimu. Walikuwa na kazi iliyoelezwa vizuri na mtu wa kuwauliza.

Wapo watakaosema: tusijidanganye, dawa ni kuajiri wa kudumu, kurasimisha ajira ya muda ni kuhalalisha umaskini. Hoja hii ina uzito, na Kenya imetoa funzo lake. Walimu 46,000 wa shule za sekondari za chini waliajiriwa kama wanagenzi kwa malipo ya shilingi 20,000 za Kenya kwa mwezi, wakabeba vipindi sawa na wenzao waliothibitishwa. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba utaratibu huo haukuwa halali, mwezi uliofuata madarasa yakasimama kwa mgomo, na mwishowe Serikali ikawapa ajira ya kudumu kuanzia Januari 2025. Funzo ninaloliona ni kwamba kazi isiyo na mwisho haipaswi kupewa mkataba wenye mwisho. Darasa la kwanza litakuwepo mwakani na mwaka wa baada ya huo, kwa hiyo mwalimu wake aingie kwenye ikama. Lakini daftari la wapiga kura lina mwisho, msimu wa mavuno una mwisho, chanjo ya dharura mpakani ina mwisho, na nafasi ya muuguzi aliye likizo ya uzazi ina mwisho. Halmashauri inayotenganisha makundi haya mawili kwa maandishi inapata hoja ya kuombea kibali cha ajira. Inayoyachanganya hujikuta ikiomba watumishi huku yenyewe ikionesha, kwa vitendo, kwamba mambo yanakwenda bila wao.

Pingamizi la pili ni fedha. Mishahara ya watumishi wa kudumu hutoka Hazina. Vibarua hulipwa kwa mapato ya ndani, na mapato ya ndani ya wilaya za pembezoni ni madogo, tena yana mgawo wake wa asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kabla hata umeme wa ofisi haujalipiwa. Ni kweli. Ila tayari halmashauri inalipa. Inalipa kwa vocha za posho, kwa michango ya wazazi inayopitia kamati ya shule, kwa vifungu vya matengenezo na vya dharura. Kinachoombwa hapa ni karatasi moja ya mkataba, na karatasi ni rahisi kuliko fedha ya ushuru isiyofika benki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilikwisha kutaja mkataba wa kazi maalumu, na ikamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi ya kazi yake, mahali pa kazi, saa na malipo. Hakuna kifungu kinachosema maelezo hayo yangoje bajeti.

Pingamizi la tatu ni la kiufundi: mtandao hafifu, msimamizi mmoja mwenye watu wengi, mfumo unaodai kujazwa kila mara. Mtendaji wa kata aliye mbali na makao makuu anapoambiwa aongeze na vibarua, ataona anatwishwa mzigo juu ya mzigo. Jibu ni kwamba mtu wa muda hahitaji kuingizwa kwenye PEPMIS kabisa. Anayehitaji kuingizwa ni msimamizi wake, kwa jukumu moja la wazi: "kusimamia watumishi wa muda walio chini yangu", lenye vipimo vinavyohesabika. Wangapi wana mikataba ya maandishi? Wangapi wamelipwa kwa wakati? Mashine ngapi za POS zimepeleka fedha benki ndani ya muda uliowekwa? Mikataba mingapi imeisha kwa makabidhiano? Orodha yenyewe inaweza kukaa kwenye daftari la mahudhurio lililopo tayari kila ofisi. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tumekuwa tukimpa jembe siku ya kwanza bila kumwonesha shamba, kisha tunashangaa amelima kwa jirani.

Lipo pingamizi la nne ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni undugu. Mlango wa ajira ya muda ukifunguliwa rasmi, watoto wa wakubwa watapita. Watapita kweli kama tangazo litabandikwa ofisini kwa mkurugenzi peke yake. Lakini mlango huo uko wazi leo, tena bila tangazo lolote, na anayepita haulizwi. Sekretarieti ya Ajira ilianzishwa ili usaili wa ajira za kudumu utoke mikononi mwa kila ofisi, na hakuna anayeipendekeza ishughulike na mlinzi wa zahanati. Kinachotosha ni tangazo katika ubao wa kata na wa kijiji, majina ya waliochaguliwa yabandikwe palepale pamoja na kazi na muda wao, na mkutano mkuu wa kijiji uwe na haki ya kuuliza. Kijiji kinajuana. Anayelipwa bila kufika kazini atatajwa kwa jina kabla mkaguzi hajafika.

Faida kubwa kuliko zote iko upande wa mtumishi wa kudumu, ambaye wengi hudhani atapoteza. Leo mwalimu mkuu mwenye walimu watatu wa kujitolea na mwalimu mkuu asiye na hata mmoja hupimwa kwa matokeo yaleyale ya mtihani. Wa kwanza anaonekana hodari, wa pili anaonekana mzembe, na hakuna anayejua kwamba tofauti yao ni mikono ya watu watatu wasioandikwa. Mikono hiyo ikiandikwa, alama inakuwa ya haki. Na kijana aliyefundisha kwa miaka miwili kwa posho ya wazazi atakuwa na barua ya uzoefu yenye sahihi ya msimamizi aliyempima, kitu cha kuambatisha anapoomba ajira ya kudumu, badala ya kusimulia tu. Kwa mkoa wenye watu 2,470,967 kwa hesabu ya sensa ya 2022, na vijana wengi waliopitia kazi za kambini na za miradi, uzoefu ulioandikwa ni mali ya umma.

Kuanza hakuhitaji waraka mpya kutoka Dodoma. Baraza la madiwani la Kibondo, la Mji wa Kasulu na la Wilaya ya Kasulu, kila moja linaweza kumwagiza mkurugenzi wake alete orodha moja kabla ya kupitisha bajeti ijayo: kila mtu anayefanya kazi ya halmashauri bila cheki namba, kazi yake, kituo chake, anayemlipa, anayemsimamia na siku mkataba wake unapoisha. Orodha hiyo iambatane na majedwali ya ikama, na jukumu la usimamizi liingizwe kwenye mpango kazi wa kila mkuu wa idara na kitengo. Diwani asikubali kupitisha kifungu cha posho ambacho hakina majina nyuma yake. Mkuu wa idara asiyeweza kutaja vibarua wake na kazi zao asipewe alama ya juu, hata kama mpango kazi wake umejazwa vizuri namna gani.